Mwaka Tuliozika Divai

Marita amekufa. Nimepata habari Jumanne, kwa simu, nikiwa dukani kwangu, mtaa wa Buyenzi, napanga majiko ya udongo. Aliyepiga ni binti yake. Hakuniomba niende kuzika. Alinipa habari tu, kama mtu anavyomwarifu mnunuzi kwamba fundi hayupo tena, kisha akasema "haya mama," akakata. Nilikaa kwenye kiti changu mpaka adhuhuri. Watu waliingia, wakauliza bei, wakatoka bila jibu. Siku zote nimejisifu kwamba duka hili nimelijenga mwenyewe, bila mume, bila shule ya maana, bila kumpigia mtu magoti, na ni kweli. Lakini mikono iliyofinyanga si yangu. Mwenye mikono hiyo amekwenda, na kuna jambo kati yangu na yeye, la mwaka mmoja wa vita, ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mambo ya ukoo wangu, nani alimzaa nani, siyaweki hapa, hayana kazi. Nitasema la mwaka ule, na nitalisema kama lilivyokuwa.

Ulikuwa mwaka wa ambargo. Nchi za jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, petroli ilikuwa inauzwa kwa chupa za soda, na juu ya mji, milimani, silaha zilikuwa zinaongea mpaka tukajua kwa masikio ipi iko mbali na ipi inakuja. Mi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa mpishi katika nyumba ya watu wa ndege, upande wa barabara ya uwanja. Walikuwa wanaume wanne wenye ndege kubwa ya mizigo, ile ya tumbo la kijivu, iliyokuwa inaruka wakati wengine wote wameogopa. Mji mzima uliwaita Warusi. Watatu kati yao hawakujali. Wa nne alikuwa fundi wa injini, Zurabu, mtu wa mikono minene na sharubu za moshi wa sigara, na huyo ukimwita Mrusi unakosana naye siku nzima. Zamu wetu, mlinzi wa geti, aliitwa Deo, na kumchokoza Zurabu ndiyo ilikuwa redio yake.

"Ee Mrusi, chai iko tayari."

"Mi apana Mrusi. Mi Mgeorgia."

"Ni wapi huko?"

"Kusini ya Urusi."

"Basi ni Mrusi wa kusini."

Zurabu alikuwa anamtupia kitambaa cha sahani, Deo anakidaka na kucheka mpaka anaegemea geti. Mi nilicheka pia, lakini nilimwelewa yule mzungu. Mwaka ule kila barabara ilikuwa na kizuizi, na kila kizuizi kilikuwa na mtu wa kukuuliza wewe ni nani, na si jina lako alilotaka. Sisi wa Buyenzi tulijibu "mi ni Mswahili", tukapita, siku nyingine tukapita kwa shida. Mtu anayegoma kuwekwa kwenye kundi lisilo lake, huyo nilimjua.

Kwa sababu ya kafyu nilikuwa nalala palepale, katika chumba cha wafanyakazi nyuma ya nyumba. Chumba kimoja, vitanda viwili vya chuma, dirisha moja linalotazama mparachichi. Ijumaa peke yake ndiyo nilikwenda Buyenzi. Jikoni nilikuwa napika samaki wa mukeke wa kukaanga, maharage ya mawese, majani ya muhogo tunayoyaita sombe, na wao walikula vyote. Nyama ya nguruwe waliipika wenyewe, katika sufuria yake, na sufuria hiyo sikuigusa. Deo ndiye aliyeiosha. Niliwaambia siku ya kwanza: hiyo kwangu ni dini. Wakaelewa, hawakunisumbua hata mara moja. Ikumbukeni sufuria hiyo, maana nilikuja kujificha nyuma yake.

Zurabu alikuwa hana raha. Bia ya mji aliinywa kama dawa. Siku moja aliingia jikoni nikiwa nachekecha unga wa muhogo, akaumwaga mezani, unga wangu wa siku mbili, akachora kwa kidole kitu kama yai lililosimama kwa ncha. "Hii ni mtungi," akasema. Akachora mstari juu ya shingo ya yai. "Hii ni ardhi." Kwao, alisema, mtungi wa udongo mkubwa kuliko mtu unazikwa ardhini mpaka shingoni. Zabibu nyeupe zinakanyagwa, zinamwagwa ndani na maganda yake, mbegu zake na vijiti vyake, hakuna kinachotupwa. Huweki kitu kingine. Inajichemkia yenyewe, halafu unafunika, unapiga udongo juu, na unasubiri miezi. Ukifungua, divai iliyotoka kwenye zabibu nyeupe si nyeupe tena. Ina rangi ya chai isiyo na maziwa. Baba yake alifanya hivyo, na wa kabla yake. Deo, aliyekuwa mlangoni kama kawaida ya masikio yake, akasema hiyo si ajabu, kwao ndizi nazo huzikwa shimoni ziive kabla ya kukamuliwa pombe. Zurabu akamshika mabega akambusu mashavu yote mawili. Deo alijifuta uso mpaka jioni.

Zabibu, alisema, zitakuja na ndege yao, kutoka nchi za kusini yetu. Mtungi ndio ulikuwa haupo. Nikasema, kwa kiburi cha umri ule, "Mtungi ni kazi yangu." Nilimjua mwanamke mmoja aliyekuwa anauza vyungu pembeni mwa soko, Mtwa, wa kabila la wafinyanzi, mtu wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Ndiye Marita. Alikaa njia ya Gatumba, karibu na udongo mzuri wa mto Rusizi. Nilimweleza kwa mikono ukubwa ninaoutaka. Alicheka akashika kiuno.

"Chungu cha kumeza mutu! Ni nani amekufa?"

"Ni cha mzungu. Anataka kuzika divai."

"Wazungu hawaishi mambo. Lakini sikiliza, dada, kitu hicho hakibebeki. Lazima nikifinyangie palepale, na kukichoma palepale." Akapanga upya vyungu vilivyokuwa vimepangwa tayari. "Kuna pa kulala?"

Hapo nikajua swali lake lilikuwa hilo, mengine yote ni maneno. Kwao risasi zilikuwa zinapita usiku. Watu wa mtaa wake walikuwa wanalala kwenye matete ya mto, na asubuhi wanahesabiana. Mabinti zake alikwisha wapeleka kwa dada yake mbali na mji. Yeye alibaki kwa ajili ya soko. Nikamwambia pa kulala papo, katika chumba changu, kitanda cha pili ni kitupu. Akasema, "Basi nitafinyanga hata wa kuweka ndege."

Alikuja na udongo kwenye toroli mbili, na kibuyu kilichovunjika, na jiwe moja laini la kusugulia. Jioni ya kwanza nilimpikia mchicha wa lengalenga na dagaa wetu, ndagala, tukakaa kwenye ngazi ya chumba. Mimi nilikuwa na kikombe changu cha buluu, cha bati. Yeye nilimpa maji katika kopo la nyanya, lile la kilo moja, nililokuwa nimelikunja makali kwa jiwe. Hakuna aliyenifundisha; kila mtu alijua. Vyungu vya Watwa vilikuwa katika kila nyumba ya nchi hii, tunapikia, tunatekea, tunanywea. Lakini mtu mwenyewe humpi kikombe chako, na akishanywa hufuatii. Marita alilitazama lile kopo, akalipindua, akalitazama tena.

"Ni kwa sababu unakunywa pombe," nikamwambia. "Vyombo vyangu ni vya mtu wa dini."

"Sawa," akasema. Akanywa.

Sufuria ya nguruwe ilikuwa ya dini. Kopo la Marita halikuwa la dini. Hakuna sheikh aliyeniambia nisinywe maji nyuma ya binadamu mwenzangu, masheikh wangenisikia wangenikemea. Nilijua hivyo hata siku ile. Lakini ukisema neno dini, watu hawakuulizi la pili, na mimi nilikuwa mwepesi wa kutafuta neno la kufungia midomo.

Mtungi ulichukua wiki nyingi. Marita hakutumia gurudumu wala kipimo. Alisokota udongo ukawa kamba nene kama mkono, akaizungusha, akaibana kwa vidole, akalainisha kwa kipande cha kibuyu, kisha akaacha, maana ukiharakisha unalala chini kama mlevi. Kila kimo kilisubiri kile cha chini kishike. Alifunika kwa magunia mabichi, akazunguka, akarudi, akanusa. Siku za kusubiri hakuweza kukaa. Alifinyanga majiko madogo ya mkaa kwa udongo uliobaki. Ijumaa moja nikayabeba matatu kichwani nikaenda nayo Buyenzi. Yalikwisha kabla sijafika msikitini, mafundi magari wa gereji ndio walioyanunua kuwapelekea wake zao. Ijumaa iliyofuata nikabeba sita. Mkaa ulikuwa ghali, na jiko la Marita lilishika moto kwa makaa machache. Hapo ndipo duka langu lilipozaliwa, kwenye kichwa changu, na mwanamke aliyelizaa alikuwa anakunywa kwenye kopo.

Siku ya kuchoma, moshi ulipanda, na moshi mwaka ule haukuwa kitu cha kupandisha. Askari watatu waliingia. Wakaona shimo kubwa chini ya mparachichi, na kando yake tanuri la majani na magogo limefunika kitu kama mtu mnene. Mkubwa wao akauliza kwa sauti ya chini, ile mbaya, "Munazika nini hapa?"

Zurabu akatoka na fulana yenye mafuta ya injini. "Divai," akasema.

"Divai inazikwa?"

"Kwetu, ndiyo."

Askari akanigeukia mimi. "Na weye?"

"Mpishi. Mswahili wa Buyenzi."

"Na huyu?"

Marita hakusubiri kusemewa. "Mi ni Mtwa. Shimo si langu, mtungi ni wangu. Ukitaka kuona kama kuna mutu ndani, ngoja upoe, nitakuingiza mwenyewe." Yule askari alimtazama, kisha akacheka, wenzake wakacheka, wakaomba sigara, wakaenda. Marita alirudi kugeuza magogo.

Mtungi ulitoka mzima. Ukiugonga ulilia kama kengele. Zurabu aliupaka nta ya nyuki kwa ndani ukiwa bado na joto, Marita akimgombeza kwamba anauziba pumzi. Wakaushusha shimoni wanaume watano, kwa mikanda ya kufungia mizigo ya ndege, wakitukana kwa lugha nne. Na jioni hiyohiyo Kapiteni, mkubwa wa nyumba, mtu mwembamba asiyecheka, akasema neno kwa Kifaransa chake kifupi. Kazi imekwisha. Mwanamke aende.

Marita alikuwa kwenye bomba anaosha mikono. Alisikia. Hakugeuka, lakini mikono iliacha kusuguana. Wiki ile njia ya Gatumba ilikuwa imefungwa mara mbili. Nikafungua mdomo kabla sijajua nitasema nini. Nikasema haiwezekani. Nikasema hapa kwetu ni mila, mwenye kufinyanga mtungi mkubwa analala karibu nao mpaka ufunguliwe, asipolala unapasuka. Hakuna mila ya namna hiyo. Niliitunga nikiwa nimeshika mwiko. Zurabu alinitazama, akajua naongopa, akamwambia Kapiteni kwa lugha yao, na kwa muda mrefu kuliko nilivyosema mimi. Kapiteni akainua mabega. Mpaka ufunguliwe, basi. Siku hiyohiyo, si siku moja zaidi.

Sitaki mtu anisifu kwa uongo ule. Nilimwonea huruma, ndiyo. Lakini nilifikiria pia majiko ya Ijumaa.

Zabibu zilikuja, kreti kwa kreti, nyingine zimeshaanza kuoza kwa joto. Zurabu alizikanyaga katika bafu la nyumba, suruali imekunjwa, anaimba kwa sauti nzito iliyotikisa vioo. Tukamwaga vyote mtungini. Siku ya tatu mtungi ukaanza kuchemka bila moto. Deo aliweka sikio, akaruka. "Kuna mutu anaongea humo!" Zurabu alikoroga kwa mti mrefu asubuhi, mchana, jioni, akiyasukuma maganda chini kila yalipopanda. Yalipotulia, wakaweka mfuniko wa ubao, na Marita akapiga udongo juu yake, akaacha alama ya kiganja chake katikati. Tatizo lilikuwa ardhi. "Ardhi yenu ina homa," Zurabu alisema. Basi mimi na Marita tukawa tunamwagia maji pale chini ya mparachichi, asubuhi na jioni, miezi yote ya kiangazi, kama watu wanaopoza mgonjwa.

Miezi ile sikupumzika, na nadhani hakuna aliyepumzika. Usiku Marita alikuwa anaamka akisikia mizinga, anakaa kitandani, ananiuliza, "Hiyo ni upande wetu?" Namjibu ni mbali. Anasema, "We unajua upande wetu ni wapi?" Tunacheka gizani. Alinifundisha kuchagua udongo kwa ulimi, kugonga chungu na kusikiliza ugonjwa wake, kukataa kazi iliyoharakishwa. Yote ninayojua katika biashara hii niliyasikia kutoka kitanda cha pili. Asubuhi naamka, namjazia kopo. Lilikuwa limeanza kutu. Nilimtafutia jingine jipya, na nikajiona mwema.

Siku ya kufungua ilikuwa Alhamisi. Asubuhi tulikaa kwenye ngazi na mandazi ya moto niliyokaanga mwenyewe. Marita hakuwa anakula. Alikuwa amekwisha funga kitambaa chake cha safari, jiwe lake la kusugulia likiwa ndani. Mi nilikula kwa wasiwasi, moja baada ya jingine. Akaniambia, "Umekula matano. Ni njaa ama ni kilio?" Nikasema nyamaza.

Saa tisa Zurabu aliupasua ule udongo. Alama ya kiganja cha Marita ilivunjika vipande vinne. Harufu iliyotoka naikumbuka kuliko sura za watu: maganda ya chungwa yaliyokauka, nta, na ardhi baada ya mvua ya kwanza. Akachota kwa kibuyu. Jua lilipita ndani, na ilikuwa kama alivyosema, rangi ya chai isiyo na maziwa, na katikati kama kaa la moto. Alikuwa amemwomba Marita afinyange bakuli moja tu dogo, maana kwao, alisema, meza ina bakuli moja, na linazunguka. Tukakaa chini ya mparachichi, wanaume wanne wa ndege, Deo, Marita, mimi. Zurabu akasimama. Akawasemea wafu wa kwao na wafu wa kwetu, bila kuuliza ni wa kundi gani. Kisha bakuli la kwanza akampa Marita.

"Mama Marita. Mwenye mtungi anaanza."

Alikunywa taratibu. "Inakamata ulimi," akasema. "Kama ndizi mbichi. Lakini haikuachi." Zurabu aliposikia hivyo machozi yalimtoka, mtu mzima. Bakuli likaenda kwa Deo. Deo, ambaye alikuwa anamaliza chupa ya bia kabla hujatafuta kifungulio, akashika tumbo. "Leo tumbo linanisumbua." Likanifikia. "Dini," nikasema, na hiyo ilikuwa kweli kabisa, na hakuna aliyeniuliza. Wazungu wakanywa wote, nyuma ya Marita, wakazungusha tena, na Kapiteni, yule asiyecheka, akanywa mara tatu, akainama akazungumza na Zurabu. Zurabu akapiga makofi, akanigeukia mimi.

"Kapiteni anasema Mama Marita abaki. Apana leo kwenda. Abaki mpaka vita itulie. Lakini chumba ni cha Zaituni. Zaituni anasema nini?"

"Abaki," nikasema upesi. "Nani amemkataza?"

Nilidhani Marita atashukuru. Alisimama, akachukua bakuli, akaenda kwenye bomba. Akaliosha mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, huku akihakikisha naona. Akalijaza maji. Akaja mbele yangu, akanywa nusu, akaninyooshea.

"Mi bado kusema kama nabaki," akasema. "Nilikuja hapa mutu wa kazi. Umenipa kopo, nikanyamaza, kazi ni kazi. Sasa wanasema hapa ni kwangu na weye. Kama ni kwangu, kunywa. Ni maji."

"Bakuli limeshika divai."

"Basi leta kikombe chako cha buluu. Mi nitatangulia, weye utafuata."

Hakuniachia mlango. Watu wote walikuwa wananitazama. Deo ndiye niliyemwona zaidi. Nilijua nikinywa, kesho habari iko geti kwa geti, na Ijumaa iko Buyenzi: Zaituni anakunywa nyuma ya Mtwa. Majiko yangu nani atayagusa? Nilifikiria hayo yote kwa muda wa pumzi moja. Nikaona njia, nikaishika.

"Nimefunga," nikasema. "Nalipa siku zangu za Ramadhani."

Zurabu akainamisha kichwa kwa heshima, maskini, akaamini. Wazungu wengine wakaamini. Marita hakukasirika, afadhali angekasirika. Alinitazama usoni kama anavyotazama chungu kilichotoka motoni, anatafuta ufa, ameupata.

"Mandazi matano," akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, kwa mimi peke yangu. Akamalizia maji yaliyobaki, akaliweka bakuli juu ya meza, akaingia chumbani, akatoka na kitambaa chake. Zurabu alimfuata mpaka getini, anamsihi kwa Kiswahili kibovu, anauliza nini, nini imetokea. Alimwambia tu, "Divai yako ni nzuri, mutoto wangu. Mwaka kesho punguza nta." Akaondoka kwa miguu, saa kumi na nusu, kuelekea barabara ya Gatumba, na mimi nilikuwa nimekaa. Neno moja lingemrudisha. Sikulitoa. Jioni ilipoingia nilikula mbele ya watu wote, kama mtu anayefuturu, nikaomba na dua.

Nimekuwa mtu mzima na nimefanya mabaya mengine, biashara haikui kwa maji ya baraka. Nimewafukuza watu kazini, nimewanyima watu mkopo nikajua wataanguka. Hayo hayaninyimi usingizi. Lakini lile la kutumia funga ambayo sikuifunga ili nisinywe maji ambayo hayakuwa na kosa, hilo bado linanigeuza kitandani. Watu husema wakati ule kila mtu alikuwa anaokoa roho yake. Mimi roho yangu haikuwa na hatari yoyote pale chini ya mparachichi. Iliyokuwa hatarini ni roho yake.

Siku ya nne tangu aondoke kulikuwa na risasi njia ya Gatumba, kutwa nzima. Siku ya tano watu wakaingia mjini na magodoro vichwani. Nilisimama getini nikimwuliza kila mwanamke mfupi. Zurabu hakunisemesha, nadhani Deo alikuwa amekwisha mweleza maana ya lile kopo. Siku ya nane nikaomba ruhusa, nikaenda. Kizuizi cha kwanza nilipita, cha pili nilikaa juani mpaka mchana. Watu waliokimbia walikuwa wamepangwa kando ya barabara, chini ya maturubai ya plastiki, maelfu, moshi wa kuni mbichi unawasha macho. Nilitembea safu kwa safu nikiita jina. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeyasema njia nzima, midomo inatembea, mpaka askari mmoja akaniuliza kama nina kichaa.

Nilimkuta upande wa mfereji. Alikuwa mzima. Alikuwa amekaa chini, miguu amenyoosha, amepata udongo mahali fulani, hata pale alikuwa amepata udongo, anazungusha kamba ya jiko. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa kitambaa chenye damu kavu. Aliinua macho, akaniona, akarudi kwenye udongo.

Nilisimama mbele yake. Maneno yangu yote niliyoyaandaa yalikuwa pale, yamejaa mdomoni, na watu walikuwa wengi, na masikio ni masikio. Nikasikia sauti yangu inasema:

"Nahitaji majiko ishirini."

Vidole vyake viliendelea, vikabana, vikalainisha. Alizunguka kimo kizima cha lile jiko kabla ya kunijibu, na mimi nilisubiri, jua kichwani, nikijua kwamba hilo ndilo nililochagua kumwambia na hakutakuwa na jingine.

"Makubwa," akauliza, "ama madogo?"